Kovu Moja, Vipimo Viwili

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nyamira ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii, niliajiriwa kuwa mkalimani wa wageni waliokuja kuonana na ababari, mafundi wetu wa kupasua vichwa. Habari zao zilikuwa zimekwisha kuandikwa: Daktari Grounds mwaka 1958, kisha Edward Margetts, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari, katika kitabu Diseases in Antiquity cha 1967. Wachunguzi wa mifupa ya kale walikuwa na sababu ya kuja. Mafuvu yenye matundu yamefukuliwa Peru na Ulaya, na waliotoboa hawapo waulizwe. Kwetu fundi alikuwa hai, na mgonjwa wake pia.

Mzee mmoja alitueleza kazi yake bila haraka. Mtu aliyepigwa kichwani, maumivu yakakataa kumwacha, huletwa na ndugu zake, nao ndio humshika. Ngozi hupasuliwa, kisha mfupa hukwanguliwa kidogo kidogo kwa kisu kilichopinda mpaka utando wa ubongo uonekane. "Hapo mkono unasimama," alisema.

Siku nyingine tulipima kichwa cha mzee aliyepasuliwa ujanani. Mgeni wa kwanza alilaza utepe juu ya kovu la ngozi. Mwenzake alipapasa kwa kidole hadi akaupata ukingo wa mfupa, laini kama mdomo wa chungu, akapimia hapo. Vipimo vilipishana sana. Daftarini kiliingia kimoja tu, pasipo neno la jinsi kilivyopatikana.

Jambo hilo limenikaa moyoni. Ukingo uliolainika ndio unaomwonyesha mtaalamu kwamba mwenye fuvu alipona akaendelea kuishi. Basi anayelinganisha kichwa cha Kisii na fuvu la Peru atajuaje kama vimepimwa mahali pamoja? Ingefaa vipimo vyote viwili viandikwe, picha ipigwe rula ikiwa kando, kisu nacho kichorwe, na nakala ya daftari ibaki huku kwetu ili mwingine aje akague. Daftari liliondoka na wageni. Yule mzee tuliyempima amekwisha kuzikwa, wala hakuna wa kupimwa upya.

Wanafunzi wa chuo kikuu wanaponijia siku hizi, huwachorea fuvu na kutia alama mbili: utepe wa kwanza ulipoanzia, na wa pili.