Faili Lisilo na Jina

Ipo istilahi moja ya kompyuta ambayo hata walioibuni hawakuwa na hakika ya maana ya herufi yake ya kwanza. Istilahi hiyo ni ainodi, iliyozaliwa pamoja na mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969. Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wake, alipoulizwa asili ya herufi hiyo alijibu kwamba hajui kwa yakini. Alikisia tu kuwa imetokana na neno lenye maana ya faharasa.

Aliyenifungulia mlango wa jambo hili ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhandisi wa mifumo. Ainodi, alinieleza, ni kumbukumbu ndogo ndani ya diski inayoeleza habari za faili: ukubwa wake, mmiliki wake, nani ameruhusiwa kulisoma, lini lilibadilishwa, na maneno yake yamehifadhiwa wapi. Nilipendekeza tuiite wasifu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ni wasifu usio na jina."

Ndivyo ilivyo. Jina la faili hukaa kwingine, katika saraka, likiwa limeambatanishwa na namba ya ainodi. Kwa hiyo faili moja laweza kuwa na majina mawili, kama mnyama mmoja anavyoitwa ndovu na tembo. Kadhalika jina moja, katika saraka mbili, laweza kuelekeza kwenye vitu viwili tofauti, kama tembo wa mwituni na tembo la mnazi. Ainodi huhesabu majina yake. Ukifuta moja, hesabu hupungua. Ikifika sifuri, na iwapo hakuna programu iliyolifungua faili hilo, ndipo nafasi yake hurejeshwa kwa matumizi mengine.

Ugumu huanza pale kompyuta kadhaa zinapotumia diski moja kwa pamoja, kama ilivyo katika OCFS2, mfumo wa mafaili ulioingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006. Kila kompyuta huweka nakala ya ainodi katika kumbukumbu yake. Moja ikibadilisha ukubwa wa faili, nakala za wenzake hugeuka kuwa uongo. Kwa sababu hiyo kiendeshi, yaani sehemu ya kiini inayosimamia mafaili hayo, huomba kufuli kabla ya kugusa chochote. Kufuli la kusoma huweza kushikwa na wengi. La kuandika hushikwa na mmoja pekee. Mwingine akihitaji zamu, mshikaji huandika kwanza mabadiliko yake diskini, kisha hulegeza mkono.

Na kufuta je? Tuseme kompyuta ya kwanza imefuta jina la mwisho la faili ambalo ya tatu ingali inalisoma. Ya kwanza haiwezi kuona yaliyomo ndani ya ya tatu. Basi ainodi hupelekwa katika saraka maalumu ya mayatima, ambako huorodheshwa kwa namba yake tu. Kisha kompyuta hiyo hujaribu kutwaa, peke yake, kufuli ambalo kila aliyelifungua faili amelishika. Ikinyimwa, hujua kwamba yupo mwingine, nayo huacha. Atakayelifunga wa mwisho ndiye atakayefuta. Na kompyuta mojawapo ikizimika ghafla, zilizobaki huisoma shajara yake na kuwashughulikia mayatima iliowaacha.

Sisi wapenda lugha tungefaidika na utaratibu huo. Neno lisipoonekana katika toleo jipya la kamusi, huwa wepesi kusema limekufa, kabla ya kuuliza iwapo kuna kijiji ambako bado linasemwa.

Mimi lakini niliposikia neno yatima nilimfikiria mke wangu. Tangu alipofariki, jina lake limeondolewa orodha baada ya orodha: bima ya afya, akaunti ya benki, kikundi chake cha kuweka na kukopa. Kila mahali sahihi niliweka mimi. Yamebaki madaftari saba ya mashairi yake, ambayo hakupenda yachapishwe, na aliwahi kuniambia ni ya mazoezi tu, niyachome. Sasa nahamia nyumba ndogo, na kwa upande wangu nimekwisha kuyasoma na kuagana nayo.

Kabla ya kuwasha kiberiti niliwaandikia wanetu watatu swali moja: nani bado anayasoma? Wawili waliridhia. Kitinda mimba, aliye mbali, alijibu kwamba husoma shairi moja kila Ijumaa kutoka kwenye picha alizopiga kwa simu, na zipo kurasa ambazo hakuwahi kuzipiga. Ameomba nisiyaguse mpaka aje Desemba.

Nimeyafunga kwa kamba na kuyaweka juu ya kabati. Akimaliza, ataamua yeye.