Mkono wa yaya umebaki kwenye faili

Tangu tuweke ile video fupi ya wimbo wetu wa nyundo, swali ni lile lile: nani anapiga zile sauti za garaji, mbona hatumuoni? Wengine wanasema eti tumemficha nyuma ya pazia. Leo tunajibu kwa kirefu, sisi wote pamoja. Anayepiga hayuko Kigali tena.

Kwa wasioijua Gatsata: iko wilaya ya Gasabo, karibu na stendi ya Nyabugogo. Ukisema Gatsata, watu wanafikiria magaraji na spea. Sisi ni vijana saba, wengine tumekulia kambini Kiziba na Mahama, wengine tumetoka Goma, Uvira na Bujumbura moja kwa moja. Muziki wetu tulianza na tulichokuwa nacho mlangoni: nyundo inayonyoosha bodi ya gari, grainda inayokata chuma, injini ya lori inayokataa kuwaka asubuhi. Tuliomba ruhusa kwa kila fundi kabla ya kurekodi. Mmoja tu alikataa, tukamwachia.

Kila kipande kama hicho kinaitwa sampuli. Tunarekodi kwa simu, tunageuza kuwa WAV, halafu tunaingiza kwenye LMMS. Hiyo ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2004, na laptopu yetu ya zamani inaiweza. FL Studio tunaijua, lakini ni ya kununua.

Mwanzoni kila kitu kilipigwa kwa mkono. Yaya wetu (hatumtaji jina, ameomba hivyo) alikaa mbele ya laptopu, kila herufi ya kibodi ikiwa na sauti yake. Mkono wa kushoto unapiga nyundo na grainda, wa kulia umeshika mausi, unazungusha kitufe cha sauti, unapunguza, unaongeza. Sisi tunaimba juu yake. Akikosa kuja Jumamosi, mazoezi hakuna.

Halafu simu ikapigwa. Dosye yake ya kuhamishwa ilikuwa imengoja miaka tisa. Si mnajua inavyokuwa: miaka inapita kimya, kisha unaambiwa umebaki na wiki tatu kasoro. Siku hiyo furaha na majonzi vilikaa kiti kimoja. Tulimpongeza, tukacheza, na usiku kila mtu akajiuliza peke yake: sasa wimbo?

Wengi wetu tulitaka njia rahisi: apige wimbo wote mara ya mwisho, turekodi, tuwe na faili moja ya kuchezesha jukwaani. Yeye akakataa. Alisema, "Mukifunga wimbo muzima, siku munataka kuimba polepole utawakimbiza." Akaomba jioni tatu na kashipawa ya kutosha.

Hapa ndipo penyewe, na ukitaka kujifunza soma taratibu. Kazi yake ilikuwa na tabaka mbili. La kwanza ni noti. Ukiandika noti kwenye programu, hujaandika sauti, umeandika amri: "pigo la tatu, cheza nyundo." Ukibadilisha mwendo wa wimbo kutoka mapigo 100 kwa dakika hadi 90, amri zote zinasogea pamoja, lakini nyundo yenyewe inabaki nyundo, haivutiki. Ukichoka na nyundo unaweka spana mahali pake, na amri zinabaki zile zile.

Tabaka la pili ni otomesheni. Hii ni kumbukumbu ya kitufe. Kwenye LMMS unafungua njia ya otomesheni, unatengeneza kipande kitupu, halafu unashika kitufe unachotaka huku umebonyeza Ctrl, unakivuta hadi kwenye kile kipande. Tangu hapo mstari utakaouchora ndio utakaozungusha kitufe: ukipanda kinapanda, ukishuka kinashuka. Na kuna njia aliyoipenda zaidi yeye. Unakiambia kipande kirekodi, unacheza wimbo, unazungusha kwa mkono wako. Programu inaandika mkono ulivyokwenda, na kusitasita kwake kote. Tukifungua mistari yake leo tunaona mahali alipochelewa kidogo kushusha grainda ili mwimbaji avute pumzi. Hakuna aliyethubutu kuinyoosha.

Kitufe kingine alichokirekodi ni cha mwanzo wa sampuli. Injini yetu ni sekunde sita: starta inalia, inakohoa, inawaka. Kitufe kikiwa chini kabisa, noti inaanza na kulia. Mstari ukipanda, noti inayofuata inaanzia kwenye kukohoa, ile nyingine kwenye kuwaka. Kwa hiyo katika ubeti wa pili gari linajaribu, linajaribu, linawaka, na hakuna mtu aliyegusa kitu.

Tuna pia sauti ya mzee fundi akieleza jinsi ya kuamsha lori baridi, sentensi moja ndefu. Tatizo: kila noti ilimrudisha mwanzoni. "Kwanza... kwanza... kwanza..." Tulicheka hadi machozi. Kumbe kwenye AudioFileProcessor, kile chombo cha LMMS cha kuchezesha sampuli, kuna kitufe kinachofanya noti iendelee pale noti iliyotangulia ilipoishia. Ukikiwasha, mzee anasema neno, ananyamaza tuimbe, anaendelea na neno linalofuata, hadi anamaliza maelezo yake mwisho wa wimbo. Ukitaka aanze upya, unaweka noti moja kushoto kabisa mwa kinanda, chini ya hezi 20. Sikio la mtu halisikii huko. Ni ya kumrudisha mzee mwanzo tu.

Hii kitu ya otomesheni ina historia. Zamani, studio kubwa za Ulaya zilipochanganya wimbo, watu watatu au wanne walisimama mbele ya meza moja, kila mmoja ameshika vitelezi vyake. Mmoja akikosea, wanaanza upya wote. Miaka ya 1970 zikaja meza zenye mota zinazokumbuka mwendo wa vitelezi na kuvisogeza zenyewe. Na huku kwetu, angalieni vijana wa singeli Dar es Salaam, kama wale wa Sisso Records: wamechukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviharakisha hadi mapigo 200 na zaidi, na MC anaimba juu. Wao wanapenda mtu awepo, achezeshe na kukata hapo hapo. Kwa hiyo kuna njia zote mbili, na sisi tulihitaji zote.

Jambo moja ambalo kila kikundi kama chetu kinapaswa kulijua. Jioni ya tatu tulijaribu mradi kwenye kompyuta ya kuazima. Noti zipo, mistari ipo, sauti hakuna. Faili ya mradi wetu inakumbuka mahali sampuli inapokaa, lakini sampuli yenyewe haiibebi. Ukihama na faili peke yake, umehama na amri bila nyundo. Kwa hiyo wekeni kila kitu katika folda moja, na folda nzima ndiyo isafiri. WAV ya stereo ya kawaida inakula kama megabaiti 10 kwa dakika, flashi ndogo inatosha kabisa. Yaya aliondoka na nakala yake, nyingine iko kwetu, ya tatu kwa mama yake mdogo mtaani.

Sasa yuko Kanada. Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, tuliimba na mkono wake ukiwa kwenye faili. Watu walipiga makofi. Lakini tuseme ukweli: yeye alikuwa akiona mwimbaji amekolea, anaongeza raundi moja. Faili haioni. Siku hiyo ubeti wa mwisho ulinoga, tukatamani uendelee, na mistari ikaisha pale pale ilipoandikwa.

Tukabishana wiki mbili. Wengine walitaka turefushe mwisho kwa kunakili mistari yake. Mwishowe tumefuta amri za nyundo katika baa nane za mwisho, mapigo 32, na kwa mwendo wetu hizo ni sekunde 19 tu. Hapo panapigwa na mtu aliyepo. Kwa sasa ni mdogo wetu wa miaka 14, na bado anachelewa. Tulimtumia yaya rekodi. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Muache achelewe. Atazoea."

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: mkifundisha vijana kazi za kompyuta, ulizeni pia kazi zao zinahifadhiwa wapi na nani mwingine anaweza kuzifungua. Na mtu akipata tarehe ya safari, pamoja na vipimo vya hospitali na makaratasi, msaidieni apate jioni mbili tatu, chumba na umeme, akabidhi alichokuwa anakifanya. Sisi tulizipata kwa kuchangishana.

Na wewe kijana uliye Kigali, mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana. Huhitaji laptopu. Njoo na ekuteri zako kama unazo, na sauti moja uliyorekodi kwenu, ikiwezekana WAV. Tutakuonyesha pa kuiweka.