Wana wa Baba Mmoja

Baba yangu ni mtu wa upande wa Kasongo Nyembo, mama ni wa Kabongo. Basi, ndugu wasomaji, nyumbani kwetu Lubumbashi vita ya wafalme wa Waluba huanza tena kila tuketipo kula bukari.

Mulopwe Kasongo Kalombo alikufa katika miaka ya 1880, akaacha wana. Damu ya baba walikuwa nayo wote, kwa hiyo haikumpa yeyote haki kupita mwenzake. Nguvu ilitoka kwa mama: wajomba ndio walioleta watu wa kupigana. Desturi ilikuwa wapigane mpaka abaki mmoja. Safari hii walibaki wawili, kwa maana wageni wenye bunduki waliingia kati. Wabelgiji walimtegemeza Kabongo, nchi ikagawanyika. Mwaka 1917 wakamkamata Kasongo Nyembo na kumpeleka mbali.

Juzi kijana wa katekisimu aliniuliza, “Mwalimu, mfalme wa haki alikuwa nani?” Nilifungua kinywa nijibu kama baba. Mara nikamkumbuka mjomba, aliyenilipia masomo ya seminari. Nikamwambia kijana akamwulize babu yake.