Mti Ungali Hai



Tulipokuwa tukisomea ualimu, tulipewa shairi la Thomas Hood, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1799 na kufariki mwaka 1845. Ndani yake anaikumbuka nyumba aliyozaliwa, pamoja na miti yake. Wakati ule tulitafuta tashbiha na istiara, tukapata alama zetu, tukafunga daftari. Mwaka huu tumelisoma tena, tukaona mambo mawili yaliyotupita.

La kwanza ni misonobari. Mtoto aliiona mirefu na myeusi, akadhani ncha zake zinakaribia kuigusa anga. Alipokua alitambua kwamba huo ulikuwa ujinga wa kitoto. Hata hivyo ujuzi huo haumfurahishi, maana sasa anajiona yuko mbali zaidi na mbingu. Kiingereza kina neno moja kwa anga tunayoitazama na lingine kwa makao ya Mungu. Mshairi anaanzia kwenye la kwanza na kuishia kwenye la pili. Sisi husema mbingu kwa yote mawili, na Kifaransa vivyo hivyo. Hood hakutaja Injili, lakini anayeijua Mathayo 18:3 atasikia mwangwi wa maneno ya Bwana juu ya kuwa kama watoto. Hilo ndilo dokezo: mwandishi hubisha hodi bila kumtaja mwenye nyumba.

La pili ni mti wa maua ya manjano, ambao ndugu yake aliupanda siku ya kukumbuka kuzaliwa kwake. Mshairi anatuambia kwamba mti ungali hai. Juu ya ndugu hasemi neno, na kimya hicho chatosha.

Kaka yetu naye alipanda mwembe nyuma ya nyumba ya wazazi. Baadaye tuligombana naye juu ya kiwanja hicho hicho, tukakaa miaka mitatu bila kusalimiana. Akafariki kabla hatujapatana. Mwembe bado wazaa. Kila msimu watoto wake hutuletea maembe katika kikapu, nasi huyapokea tukikosa la kusema.

Ndiyo maana shairi lile halikutugusa ujanani: bado hatukuwa na mti uliobaki bila mpanzi wake.

Vijana, andikeni juu ya miti ya utoto wenu. Lakini mwenye ndugu aliye hai ambaye hasemi naye, aiweke kalamu chini kwanza, aende kwake.