Umbo la Insulini

Kazi yangu ya dawa nimeifanyia Miti, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kavumu, si mbali na Lwiro. Wengi walikuja kwa malaria na minyoo. Wagonjwa wa sukari walikuwa wachache, lakini ndio walionirudisha kwenye vitabu. Baba mmoja aliyemleta binti yake aliniuliza, "Muganga, hii dawa ya kila siku inatengenezwa na nani?"

"Na chachu, Baba."

"Chachu ya pombe ya kasiksi?"

"Ukoo ni ule ule."

Tangu 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa insulini kule Toronto, dawa hii ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 ikaanza kuuzwa insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria. Protini hiyo hulundikana ndani ya bakteria kama madonge yasiyo na umbo, kwa hiyo hupasuliwa, kisha wataalamu wanaikunja upya. Mwaka 1987 kampuni ya Novo ya Denmark ikaleta ya chachu, na mimi hapo ndipo ninapostaajabu: chachu huikunja yenyewe na kuitoa nje, kwenye maji inamoishi.

Chachu hutoa protini ndogo ya kumwita mwenzake wa kuzaliana naye. Wataalamu walichukua kipande cha mbele cha protini hiyo, kile kinachoonyesha njia ya kutokea, wakakiunga na insulini. Seli ikikiona huipeleka insulini katika chumba cha ndani, ambako hukunjwa na kufungwa kwa madaraja 3 ya salfa. Mbele ya safari kimeng'enya kiitwacho Kex2 hukikata kipande hicho. Njia yenyewe tunaijua kwa kazi ya Randy Schekman, aliyechambua chachu zilizoshindwa kutoa protini zao na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Protini ngeni iliyokunjwa vibaya huzuiwa chumbani humo na kuharibiwa. Ndiyo maana waliotaka mavuno makubwa walihangaikia kukunja: walibadili vipande vya mbele, wakafupisha kiungo cha minyororo miwili ya insulini. Mwaka 1994 kundi la mtafiti Wittrup lilionyesha kwamba seli ikiongezewa kimeng'enya kinachofunga madaraja ya salfa, baadhi ya protini ngeni hutoka kwa wingi zaidi. Nyingine hazitoki kabisa. Ile ya homa ya ini B, iliyomo katika chanjo ya pentavalente tunayowachoma watoto wetu, hupatikana kwa kupasua chachu.

Haya niliwafundisha wauguzi wote niliofanya nao kazi, maana umbo lile linalokaguliwa ndani ya seli ndilo tunalolilinda sisi kwenye frigo, kati ya digrii 2 na 8. Miti iko juu na hewa yake ni ya ubaridi. Chupa iliyofunguliwa hukaa kivulini wiki 4 bila shida. Hatari kubwa ni barafu. Chupa ikigusa ukuta wa nyuma wa frigo ikaganda, protini hukunjuka na kushikamana, na haitarudi. Insulini angavu iliyoingia ukungu haichomwi. Ile nyeupe kama maziwa ikibaki na madonge baada ya kuviringishwa mkononi, nayo haichomwi. Naitupa hata ikiwa ya mwisho, na siku hiyo hiyo natafuta mtu wa kupanda gari la Bukavu akalete nyingine.