Karata Inayojiendea

Jioni moja kijana aliweka karata juu ya kiganja chake mbele yetu. Moja ikajivuta kutoka katikati, bila kuguswa. Mama mmoja akapiga kelele: "Ulozi!" Sisi nasi tukarudi nyuma.

Kumbe, ni uzi mwembamba uliofungwa kwenye kifungo cha shati. Mkono ukisogea mbele, uzi unavuta karata.

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alieleza katika kitabu chake jinsi unywele mrefu mweusi wa mwanamke unavyorusha sarafu kutoka chunguni. Shabaha yake ilikuwa watu wasiteswe bure kwa kuitwa wachawi. Baadaye Howard Thurston wa Marekani (1869-1936) alisifiwa kwa karata zilizopanda hewani, moja moja, kadiri watazamaji walivyozitaja. Wengine huzipandisha kutoka ndani ya bilauri.

Kijana alipotuonyesha uzi wake, tulicheka. Lakini tujiulize: asingetuonyesha, tungemfanyia nini? Basi, tusiharakishe kumwita mtu mlozi. Kwanza tutafute uzi.