Kutoka Kaseti Hadi Bando

Kijana wa leo ukimwuliza kwa nini gemu fulani ni kali, ataanza na picha: nyasi zinavyoonekana, jasho la mchezaji, jezi inavyopepea. Sibishani naye. Picha za sasa ni nzuri kwelikweli. Lakini katika yote yaliyobadilika tangu nianze kucheza, picha ndiyo ninayoijali kidogo kuliko yote. Mabadiliko makubwa yako kwingine. Zamani mashine moja ilichezwa na mtaa mzima, na ikiwaka imewaka. Leo kila mtu ana yake, na kabla haijakubali kuchezwa inaomba ruhusa ng'ambo.

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado ngeni. Wazanzibari walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na baba, ambaye miaka hiyo alikuwa karani serikalini, aliendelea kuitetea marufuku hiyo hata baada ya kununua TV yake mwenyewe. Fedha za kigeni zilikuwa chache, alisema, na nchi ilikuwa na mambo ya maana zaidi ya kununua. TV ilipoingia sebuleni kwetu ikavikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa sheria moja: taarifa ya habari saa mbili usiku, basi.

Sheria hiyo ilivunjwa na mjomba, aliyekuja siku ya Idi na boksi kutoka Kariakoo. Ndani mlikuwa na Family Game: pedi mbili, bunduki ya plastiki na kaseti moja ya njano. Mashine hizo zilikuwa nakala za Famicom, ile ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, zikitengenezwa na viwanda visivyoandika jina lao popote. Sisi hilo halikutuhusu. Kaseti iliandikwa kuwa ina gemu 9999, na tuliamini. Ukiteremka kwenye orodha, kufikia ukurasa wa tatu unakutana na Mario yuleyule, safari hii anaanzia hatua ya pili. Ukurasa unaofuata yuleyule tena, hatua ya tatu. Gemu zenyewe hazikuzidi vidole vya mikono miwili. Sijawahi kuona tangazo la biashara lenye uongo mtamu kama ule.

Kaseti ikigoma, tulipuliza. Kila mtoto niliyemjua alipuliza, na kila mmoja alikuwa na namna yake: mwingine mara moja kwa nguvu, mwingine taratibu kama anapoza uji. Baadaye fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey alinieleza kuwa pumzi haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, kwa sababu vile vimguso vya shaba vinajikwangua uchafu vinapoingia. Mate yetu yaliongeza kutu tu.

Na ile bunduki ya kuwindia bata, ukiichomeka leo kwenye flati haitapiga hata bata mmoja. Ilitegemea jinsi TV za chogo zilivyochora picha, mstari kwa mstari, na jicho lililokuwa mdomoni mwa bunduki lilisubiri mwanga huo kwa wakati wake. Flati haichori hivyo. Nimeshawaeleza hili watu kadhaa waliodhani bunduki zao zimeharibika.

Kitu kinachonishangaza hadi leo ni kodi ya gemu ya Contra: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapewa roho 30. Hatukuwa na intaneti, hatukuwa na majarida ya gemu, simu ya mezani ilikuwa kwa wachache. Lakini kodi ile ilifika Magomeni ikiwa kamili, haijakosewa hata kitufe. Aliyeileta mtaani kwetu alikuwa binamu wa mtu, kutoka Tanga, na yeye aliipata kwa mtu mwingine. Ilisafiri mdomo kwa mdomo hadi ikatufikia.

Kisha vikaja vibanda. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, lakini kwetu ilikuwa kitu cha kusikia tu hadi jirani mmoja alipogeuza chumba chake cha mbele kuwa kibanda cha gemu. TV za chogo tatu juu ya meza ya mbao, benchi mbili, feni moja inayogeuka kwa mwenyewe zaidi kuliko kwa wateja. Mechi moja shilingi mia. Baadaye ikawa mia mbili, na watu walilalamika kana kwamba nauli ya daladala imepanda.

"Dogo, una mia?"

"Ninayo, kaka."

"Basi kaa nyuma ya yule mwenye kofia. Anayefungwa ananyanyuka."

Hiyo ndiyo ilikuwa katiba. Ubaoni, kwa chaki, palikuwa na nyongeza: Brazili hairuhusiwi, Inter ruksa, Adriano atolewe. Aliyecheza Winning Eleven au Pro Evolution za Konami miaka hiyo haulizi kwa nini. Adriano wa kwenye gemu alipiga shuti kutoka katikati ya uwanja na kipa akaenda nalo wavuni. Konami hawakuwa na haki za kutumia majina ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo katika PES 6 Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Mashabiki wa Liverpool wa mtaani kwetu walijifunza neno Merseyside pale kwenye benchi, si shuleni.

PlayStation zile za kwanza zilikuwa na ugonjwa wao. Lenzi ilitembea juu ya reli ya plastiki, na plastiki ikichakaa na kupata joto, lenzi inakaa upande na diski haisomeki. Dawa yake ilikuwa kuipindua mashine. Ukiingia kibandani mchana unaikuta imelala chali, miguu juu, na mechi inaendelea kama kawaida. Ikishindikana hata hivyo, inapelekwa kwa fundi wa Aggrey na kurudi jioni ileile. Diski nazo sikuwahi kuziona halisi. Zote zilikuwa za kuchoma, jina limeandikwa kwa maka peni, mashine imewekwa chipu ili izikubali. Waliotengeneza gemu hawakupata senti yetu, ni kweli. Ni kweli pia kwamba kwa bei ya diski halisi mtaa wetu usingecheza kabisa, na leo pasingekuwa na mtu mzima wa rika langu anayenunua gemu kwa pesa yake.

Halafu PS2, iliyotoka mwaka 2000. Kwa maoni yangu, na nimeyarudia kwenye vijiwe vingi, haijatengenezwa mashine iliyotufaa kama ile. Haikuhitaji intaneti. Kikadi chake cha kumbukumbu kilikuwa na MB 8, na ndani yake mwenye kibanda aliweka ligi ya mtaa mzima. Ukame wa 2006 ulipopunguza maji ya bwawa la Mtera na mgao wa umeme kuingia kila siku, jenereta ndogo ya Kichina iliweza kuendesha PS2 na TV ya chogo bila kugugumia. FIFA 14 na PES 2014, za mwaka 2013, zilikuwa za mwisho za mpira kutengenezewa PS2, lakini vibanda havikujali. Wachomaji wa diski waliendelea kubadilisha vikosi wenyewe, msimu hadi msimu, mpaka wachezaji ambao PS2 ilipozaliwa walikuwa wananyonya wakaonekana humo wakiwa na jezi zao.

Wazazi walikuwa na maoni yao kuhusu haya yote, na hayakuwa mazuri. Kibanda kilikuwa sehemu ya wahuni. Walimu walikuja na fimbo saa za vipindi, na mwenye kibanda alipata barua ya serikali ya mtaa zaidi ya mara moja. Wakati huohuo, mtoto akisema anakwenda kwenye kompyuta, mzazi alitoa nauli. Kompyuta ilikuwa elimu. Pale kwenye intaneti kafe, kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, barua pepe moja ilichukua muda wa kutosha kunywa soda ukaimaliza, kwa hiyo tulifanya lililowezekana: tulicheza Vice City. Daftari langu la jiografia lilikuwa na kurasa mbili za nyuma zilizojaa kodi za bunduki na magari. Mama aliliona, akadhani ni programu ninajifunza kuandika, akamwonyesha shangazi.

Sitaki kuvipamba vibanda. Vilikuwa vya wavulana. Dada zetu hawakukaa kwenye benchi zile, na aliyethubutu kusimama mlangoni alipata maneno ambayo yalimtosha asirudi. Palikuwa na moshi, palikuwa na kuchezea hela, na baadhi ya vibanda siku hizi vimeweka kando ya TV zile mashine za sarafu za kamari, dubwi, ambazo hazina hata kisingizio cha kuitwa mchezo. Mtoto akipoteza mechi anajua kafungwa na nani. Kwenye dubwi hajui.

Simu ndiyo iliyowaingiza waliobaki nje. Kwanza ule mchezo wa nyoka kwenye Nokia, ambao mama mwenyewe aliucheza akisubiri maharage yaive, huku akisema hachezi, anaangalia saa. Baadaye simu za kupangusa, na mdogo wangu wa kike, ambaye asingekanyaga kibandani, akawa hatari kwenye Dream League. Ameingiza jezi za Yanga humo, nembo na kila kitu, na ananifunga bila huruma. Hilo halikuwezekana zamani, na kwangu linatosha kunyamazisha mtu yeyote anayesema zamani kulikuwa bora kwa kila kitu.

Nikiri pia raha ya mashine mpya. Aston Villa ilipomsajili Mbwana Samatta Januari 2020, timu ambayo hakuna aliyekuwa akiichagua ghafla ikagombaniwa. Tulikuwa tumeshazoea kumtafuta Genk kwenye FIFA ili tu tumwone. Kwa watu waliokua wakiitwa Ronaldinho na Okocha kwenye pedi, kumpa krosi mtoto wa Mbagala kulikuwa na utamu wake.

Lakini tazama gharama ilivyohama. Mpwa wangu ana PS5 ile isiyo na sehemu ya kuingizia diski. Gemu anainunua mtandaoni kwa kadi ya benki, haiwezi kuazimwa, haiwezi kuuzwa akiichoka, haiwezi kubadilishwa na ya jirani kwa wiki moja. Jumamosi moja alialika wenzake. Mashine ikawaka, ikatangaza kuwa kuna sasisho, gemu ikagoma kuingia mtandaoni bila hilo sasisho. GB kadhaa. Bando la nyumbani likaishia katikati. Vijana wanne wakakaa kwenye kochi, kila mmoja na simu yake, kila mmoja akicheza peke yake, hadi mmoja wao akaniuliza:

"Anko, ninyi zamani mlikuwa mnasubiri sasisho muda gani?"

Nikamwambia tulikuwa hatusubiri sasisho, tulikuwa tunasubiri zamu. Hakunielewa mara moja, na sikumlaumu. Kusubiri zamu kulikuwa nusu ya mchezo. Pale kwenye benchi ndipo ulipojifunza kupiga tobo, ulipojua nani hupenda kupita kushoto, ulipobishana, uliposhangilia bao la mtu usiyemjua jina. Anayecheza na mtu wa Brazili kupitia intaneti anapata mpinzani hodari kuliko yeyote wa Magomeni, sikatai. Ila yule mpinzani hakuoni ukishika kichwa.

Vibanda havijafa. Vipo Manzese, vipo Tandale, vimepanda hadi PS4, na kampuni zenyewe zimebadili majina ya gemu zao: PES ikawa eFootball mwaka 2021, FIFA ikawa EA Sports FC mwaka 2023. Vibandani wanaendelea kusema "tupige FIFA" na hakuna anayesahihishwa. Fundi wa Aggrey bado ana lenzi za PS2 kwenye droo, na bado zinanunuliwa.

Kwa hiyo, mzazi au shangazi unayefikiria kumnunulia mtoto mashine mwaka huu: usianzie kwenye picha. Uliza kama inaweza kuchezwa bila bando, uliza kama inakubali diski ya kuazima, na kabla hujalipia gemu ya pili, nunua pedi ya pili.